Banda moja la mbuzi, karakana na makazi kwa paneli za povu: nilivyojenga Minnesota na kosa ninalowasihi msilirudie

Mfugaji wa Faribault (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Tangu nilipodokeza kwamba banda langu limekamilika, wengi mmeniuliza nimelijengaje hata likapata joto kwa umeme kidogo, katika nchi ambayo usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na pengine zaidi. Nimeona ni afadhali nijibu hapa mara moja na kwa kirefu, maana jibu fupi linaweza kumpoteza mtu. Jambo lenyewe lina mtego ambao mimi niliwahi kunaswa nao.

Ninaishi kusini mwa Minnesota, karibu na Faribault, na ninafuga mbuzi wa maziwa pamoja na wachache wa nyama, ambao wanunuzi wake wengi ni Waafrika Mashariki wenzetu. Banda lina urefu wa mita 22 na upana wa mita 11. Chini ya paa moja kuna zizi, chumba cha kukamulia, chumba cha maziwa, karakana ya kutengenezea mitambo, na juu ya karakana kuna vyumba viwili ambamo mtu anayelinda mbuzi wakati wa kuzaa analala. Kwa hiyo ni banda la matumizi mchanganyiko kwa maana kamili ya neno: kuna wanyama, kuna chakula cha binadamu, kuna mashine za moto na kuna kitanda.

Nianze na paneli zenyewe. Kila paneli ni mbao bapa mbili za OSB, zile zinazotengenezwa kwa vipande vya mti vilivyoshindiliwa pamoja kwa gundi, kila ubao ukiwa na unene wa milimita 11, na katikati yake limegandishwa povu gumu jeupe la EPS, lile lile linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi lake. Hakuna nguzo za mbao ndani yake. Mbao mbili na povu hubeba mzigo kwa pamoja, kama boriti ya chuma yenye umbo la I inavyobeba kwa sababu bapa la juu na la chini limeshikwa mbalimbali na kiungo cha katikati. Wazo hili si geni: maabara ya serikali ya Marekani inayochunguza mazao ya misitu, iliyoko Madison katika jimbo jirani la Wisconsin, ilianza kujaribu paneli za namna hii mwaka 1935, na povu likaingia kati mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale msanifu majengo Alden Dow alipozitumia kujengea nyumba za Midland, Michigan.

Kuta zangu zina unene wa sentimita 16.5, na paa ni sentimita 31. Ukinzani wa joto wa ukuta wa unene huo ni R-23 kwa hesabu za Marekani, ambayo ni kama 4 kwa vipimo vya mita. Maana yake kwa mkulima ni hii: nje ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri na ndani nyuzi 20, kila mita moja ya mraba ya ukuta inapoteza wati 11 tu, kwa hiyo mita za mraba 100 za ukuta zinapoteza kama kilowati 1.1, sawa na pasi moja ya umeme. Dirisha la kawaida la vioo viwili, kwa hali hiyo hiyo, linapoteza wati zisizopungua 75 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo sababu niliweka madirisha machache, makubwa kiasi, upande wa kusini, nikakataa kabisa ushauri wa kuizungushia karakana madirisha, na fedha niliyoiokoa nikanunulia mlango mzuri wa karakana wenye mpira wa kuziba pande zote nne.

Lakini faida kubwa zaidi ya paneli haiko katika hesabu hiyo, iko katika kuzuia hewa. Ukuta wa nguzo unaojazwa sufi ya kioo una maungio mengi mno, na upepo hupenya kila palipo na nguzo, soketi na msumari. Maabara ya taifa ya Marekani iliyoko Oak Ridge ilijenga chumba cha paneli na chumba cha nguzo kwa vipimo vile vile, ikapima, ikakuta chumba cha paneli kinavujisha hewa mara 15 pungufu. Anayeishi huku anajua kwamba upepo wa kaskazini-magharibi ndio unaoiba joto usiku, hata kuliko baridi yenyewe.

Sasa nifike kwenye hatari ya kwanza. Kitu kinachomfaa binadamu katika paneli hizi, yaani kutopitisha hewa, ndicho kinachomdhuru mnyama. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa zaidi ya lita kumi za maji kwa siku kwa pumzi na ngozi yake tu, mbali na mkojo. Mbuzi hutoa kidogo, lakini mimi nina mbuzi 40. Ukiwafungia ndani ya kuta zisizopumua, mvuke ule utaganda darini, utadondoka juu ya migongo yao, na hewa ya amonia itokayo kwenye matandiko itawachoma mapafu. Mbuzi aliyekomaa mwenye manyoya makavu, matandiko makavu na nyasi za kutosha hustahimili baridi kali ajabu. Kinachomuua ni unyevu na upepo wa moja kwa moja. Kwa hiyo nawasihi sana: msijenge zizi kwa paneli eti kwa kuwahurumia wanyama.

Nilichofanya ni kuligawa banda. Upande wa mashariki, zizi limejengwa kwa nguzo nene na mabati, halina kihami joto ila chini ya mabati ya paa, ambako kuna tabaka jembamba la kuzuia umande. Upande wake wa kusini una pazia zito linalokunjwa, na kwenye kilele cha paa nimeacha uwazi wa sentimita 18 kwa urefu wote wa zizi. Kanuni ya maafisa ugani wa huku ni sentimita 5 za uwazi kwa kila mita 3 za upana wa banda, pamoja na uwazi wa chini ya paa, kila upande angalau nusu ya ule wa juu, ili hewa ya joto yenye mvuke ipande na kutoka yenyewe bila feni. Upande wa magharibi ndio wa paneli: chumba cha maziwa, karakana na vyumba vya juu. Sehemu hiyo nzito ndiyo inayoukinga upepo wa baridi, na zizi liko nyuma yake.

Kati ya sehemu hizo mbili, na hapa ndipo nilipoweka akili yangu yote, hakuna ukuta mmoja bali viwili, vikiwa na ushoroba wa mita moja na nusu baina yake. Anayetoka zizini anaingia ushorobani, anafunga mlango, anavua mabuti, ananawa, ndipo anafungua mlango wa pili. Milango yote miwili hujifunga yenyewe. Feni ndogo inavuta hewa ya ushoroba nje usiku na mchana, hivyo hewa daima inaingia ushorobani kutoka pande zote mbili na kutolewa nje, na harufu ya zizi haipati njia ya kufika kwenye maziwa wala kwa aliyelala juu. Mkaguzi wa kaunti alitaka pia ukuta wa upande wa makazi ustahimili moto kwa muda uliowekwa na kanuni, na alikuwa na haki. Sheria ya Minnesota inayaondoa majengo ya kilimo katika kanuni za ujenzi za jimbo, lakini mtu akishalala ndani, msamaha huo unakoma kwa sehemu anayoishi. Wapo waliojenga kwanza wakaomba kibali baadaye, na wamejuta.

Naweza kueleza zaidi kuhusu msingi na maungio kwa atakayeuliza.

Seremala wa Limuru

Kaka, asante kwa uzi wenye uzito. Huku Kenya Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda cha paneli za EPS pale Mavoko. Je, ndizo hizi? Na je, fundi wa kawaida wa mbao anaweza kuzisimamisha bila mafunzo maalumu?

Mfugaji wa Faribault

Ndugu seremala, povu ni lile lile lakini paneli si zile. Za Mavoko zina wavu wa waya pande zote mbili, nanyi huzinyunyizia zege mahali pa ujenzi, kwa hiyo zege ndilo linalobeba mzigo. Hizi za huku hazina zege hata kidogo. Kwa mazingira yenu ningechagua zile za zege bila kusita, kwa sababu ya mchwa, ambaye atachimba njia ndani ya povu na ndani ya OSB bila kuonekana. Huku adui ni panya na sisimizi wakubwa wanaotoboa mbao. Nilinunua paneli ambazo povu lake limechanganywa na dawa ya borati, na nikaziweka juu ya ukingo wa zege wenye kimo cha sentimita 60 badala ya kuzikalisha kwenye sakafu. Ukingo huo umenifaa mara tatu: panya hapati pa kuanzia, maji ya kuoshea hayagusi mbao, na trekta ndogo ikikwaruza ukuta inakwaruza zege.

Kuhusu fundi, ndiyo, seremala mwangalifu anaweza, ila lazima abadili mazoea. Katika ujenzi wa nguzo, pengo la milimita tano hufunikwa tu na kazi ikaendelea. Katika paneli, pengo hilo ndilo kazi yenyewe. Paneli ya mita 1.2 kwa 2.4 watu wawili wanaibeba, lakini zile ndefu za mita 7 zina kilo mia tatu na zaidi, hizo ni za kreni. Kuta zetu zilisimama kwa siku tatu. Michoro ya kiwandani, kwa upande mwingine, ilituchukua miezi, kwa sababu njia za nyaya za umeme hutobolewa ndani ya povu kule kiwandani, na usipoisema soketi kabla, haipo. Mimi niliisahau ya tangi la kupozea maziwa, sasa waya wake unapita nje ya ukuta ndani ya bomba, na kila nikiuona naumia. Mabomba ya maji, hayo msiyapitishe kamwe ndani ya kuta za nje.

Dada wa Ontario

Kaka, nimesoma kwa makini kwa sababu mume wangu na mimi tunapanga banda la kuku wa mayai lenye chumba cha kufungashia. Umesema ulinaswa na mtego, lakini hukueleza. Pia mkandarasi wetu anasema kuta za nguzo mbilimbili zilizojazwa nyuzi za karatasi zinafikia kiwango hicho hicho kwa bei nafuu. Je, anatudanganya?

Mfugaji wa Faribault

Dada, hakudanganyi. Ukiwa na mafundi wa bei nafuu na muda mrefu wa kiangazi, kuta hizo zinaweza kufikia joto lile lile, na zinasamehe unyevu zaidi kuliko paneli. Unachonunua kwenye paneli ni haraka na uzibaji. Mimi nilikuwa na wiki sita tu za kusimamisha jengo kabla ya jalidi, na hilo ndilo lililoniamulia.

Mtego nitaueleza, ingawa ni simulizi ya fedha iliyopotea. Kabla ya banda hili nilijengewa kibanda kidogo cha kazi chenye paa la paneli. Mafundi, ambao sitawataja, waliweka povu la kuzibia kwenye maungio kwa kubahatisha, hapa lipo na pale halipo, na hawakubandika utepe ndani. Majira ya baridi ya tatu niliona mistari iliyotuna juu ya paa, imenyooka kama imechorwa kwa rula, kila mmoja juu ya ungio. Nilipofungua kifuniko cha paa, OSB kwenye ungio ilikuwa nyeusi na laini, nikaisukuma kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye uji ulioganda. Upana wa kiganja kutoka pale, ubao ule ule ulikuwa mkavu, wa manjano, na namba za kiwanda zikisomeka vizuri. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba paneli yenyewe haikuwa na kosa.

Sababu yake ni ya kifizikia, wala haina siri. Hewa ya ndani yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa maji ikipoa hadi nyuzi 6. Hewa hiyo hupanda, hutafuta upenyo kwenye kilele cha paa, na ikipita kwenye ungio lililo wazi inakutana na ubao wa nje ulio chini ya sifuri, hapo inaganda kuwa barafu, na masika ikiyeyuka maji yanabaki ndani. Kule Juneau, Alaska, mapaa kadhaa ya paneli yalioza kwa namna hii hii, hasa karibu na kilele, na walioyachunguza walikuta tatizo ni maungio yasiyozibwa ipasavyo. Ushauri uliotokana na mkasa ule ndio nilioufuata katika banda jipya: mistari ya povu la kuzibia katika kila ungio pasipo kukatika, kisha utepe mpana upande wa ndani juu ya kila ungio la paa. Juu ya paneli za paa nilipiga pao, nikaacha nafasi ya hewa, ndipo nikaweka mabati, ili unyevu ukiingia kwa bahati mbaya uwe na njia ya kutokea nje.

Kwa kuku, dada yangu, lililosemwa juu ya mbuzi linabadilika kidogo. Kuku wa mayai wanahitaji joto la wastani, kwa hiyo banda lao linahitaji kihami joto kweli, lakini pia feni zinazoendeshwa kwa hesabu, na vumbi lao ni la hatari. Chumba cha kufungashia kijengeni kwa paneli, banda la kuku mlijadili na mhandisi wa kilimo.

Mkulima wa Njombe

Shikamoo mkuu. Wazee wetu Wachaga walilala nyumba moja na ng'ombe, na joto la ng'ombe likawafaa. Kwa nini basi utenganishe? Hapa Njombe usiku wa Julai tunatetemeka.

Mfugaji wa Faribault

Marahaba. Swali lako ni zuri, na nimelifikiria sana. Nyumba ile ya Kichaga ilikuwa ya nyasi kuanzia chini hadi juu, na nyasi zinapumua kila mahali. Moshi wa jiko ulipenya, mvuke wa ng'ombe ukapenya pamoja nao, na moshi huo huo ukazikausha nyasi. Joto lilibaki kiasi, unyevu ukatoka. Hata wakulima wa Ulaya ya kaskazini waliolala jengo moja na mifugo walikuwa na kuta na mapaa yanayovuja hewa. Ukichukua desturi ile ukaiweka ndani ya mbao na povu lisilopitisha kitu, umechukua nusu yake tu.

Kwa Njombe ningekushauri usitumie fedha kwenye paneli za ukuta. Weka kihami joto darini, ziba upepo kwenye milango, kausha matandiko. Mahali paneli zinapolipa kwenu ni chumba baridi cha maziwa, na hapo tumieni zile zenye bati pande zote mbili, ambazo maji ya kuoshea hayaziozeshi.

Seremala wa Limuru

La mwisho kaka: msingi ulichimba kina gani, na ulijuaje kwamba maungio yameziba kabla ya kuyafunika?

Mfugaji wa Faribault

Kanuni ya kusini mwa Minnesota ni inchi 42, yaani sentimita 107, ili jalidi isiuinue msingi. Kaskazini mwa jimbo ni inchi 60. Chini ya jamvi la zege la upande wa paneli nililaza povu gumu la sentimita 10, na nikalipandisha kwenye kingo zake zote, kwa maana joto la sakafu hukimbilia ukingoni. Skrubu zote za upande unaotazama zizi ni za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu amonia inakula mabati na misumari ya kawaida.

Kuhusu maungio, msimruhusu fundi wa jipsamu aanze kabla ya jaribio la hewa. Jipsamu yenyewe ni ya lazima, angalau milimita 12.7, kwa sababu povu halitakiwi kuachwa wazi mbele ya moto. Lakini kabla yake, mpimaji hufunga feni kubwa kwenye mlango wa nje, huvuta hewa hadi shinikizo la ndani lipungue kwa paskali 50, kisha husoma hewa ya jengo inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Kanuni ya makazi huku haivumilii zaidi ya mara 3. Kwetu ilisoma 1.4 mara ya kwanza, na sikuridhika. Jengo linalofungwa hivi lazima pia liwe na mashine ya kubadilisha hewa inayorudisha joto. Mdomo wake wa kuvutia hewa nimeuweka pembe ya kaskazini-magharibi, mbali na zizi.

Feni ikiwa bado inavuma, nilipanda ngazi na kijiti kinachotoa moshi, nikafuata kilele cha paa kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, na kila moshi ulipopeperuka ghafla niliweka alama ya chaki nyekundu. Alama zilikuwa sita. Nne zilikuwa pale boriti ya kilele inapopita ukuta wa mwisho, moja kwenye tundu la waya, na moja chini ya dirisha la ngazi. Tuliziziba asubuhi ile ile, feni ikasoma 0.9, na fundi wa jipsamu akaanza kazi siku iliyofuata.